Supu ya Mkaguzi

Mama yangu mkubwa alikuwa hajawahi kumaliza kusukwa. Nasema hivyo kama msusi, tena msusi aliyechoka. Nilianza kumshika kichwa tangu najifunza kazi, na kila mara ni yale yale: nikifika katikati tu, pua yake inasikia kitu. "Kuna kitu kinaungua," anasema. Jiko limezimwa tangu asubuhi, lakini wapi! Anainuka, chanuo bado limechomekwa kichwani, huyoo jikoni. Akirudi amekumbuka kwamba jirani ana mafua, basi anabandika sufuria, anachemsha, anapeleka, na mimi nabaki nimekaa na uzi mkononi kama mtu aliyeachwa kituoni. Mtaani wameshazoea kumwona nusu kichwa mistari, nusu kichwa msitu. Watoto wanamwita Mama Nusunusu, na yeye anaitika vizuri tu.

Usidhani ni uvivu. Jamani, afadhali angekuwa mvivu, tungepumzika. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na masufuria aliyokuwa akikoroga, mtu mzima angeweza kuoga ndani. Alipostaafu alirudi nyumbani na mikono ile ile, ila wa kulishwa walikuwa wawili tu, mumewe na mbwa. Kwa mwanamke aliyezoea kulisha shule nzima, hiyo ni adhabu. Kwa hiyo akatugeukia sisi. Ukifika kwake ukasema umeshiba, anakutazama kama umemtukania mama yake. Na ukithubutu kusema unaumwa, umekwisha.

Maana kulikuwa na supu. Mifupa ya kuku, vitunguu vya kumwaga, na vitunguu saumu ambavyo havikuhesabiwa tangu dunia iumbwe. Inachemka mpaka vitunguu vyenyewe vinayeyuka, huvioni tena, unakunywa harufu. Ukisema hutaki, anakuwekea bakuli mapajani na kukwambia, "Mgonjwa haulizwi uji." Mafua, supu. Mgongo, supu. Mimi mwenyewe niliwahi kuachwa na mchumba, nikaja kulia kwake, nikanyweshwa supu mpaka nikasahau nililia nini. Sura ya yule mwanaume siikumbuki vizuri, lakini kitunguu saumu kilinitoka kwenye jasho wiki nzima. Tuseme haki yake, watu walipona. Ndiyo maana hakuna aliyemuuliza kitu.

Baba Mkubwa, mumewe, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa fundi wa kufuli. Meza yake ya kazi ilikuwa pale pale sebuleni, chini ya dirisha, na mbele yake stuli ya mbao iliyolika katikati kwa kukaliwa. Angeweza kukaa na kufuli moja asubuhi nzima, kaliweka sikioni, analitekenya polepole kwa kisindano chake, hana haraka na mtu. Chini ya meza alilala Mkaguzi. Mkaguzi ni mbwa, wa kahawia, sikio moja limesimama na la pili limekata tamaa. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuna mfuko ulioingia nyumba ile bila yeye kutia pua ndani. "Pita kwa mkaguzi kwanza," Baba Mkubwa alikuwa akiwaambia wageni, na mgeni asiyefungua mfuko alikuwa haendi popote.

Basi wawili hao wamekaa, na Mama Mkubwa anawazunguka na mwiko. "Kaa basi, mke wangu," Baba Mkubwa angesema bila kuinua macho. "Kaa kidogo. Jiko halitahama." Naye angejibu huku ameshafika mlangoni, "Nikikaa nani atakoroga?" Nimeyasikia hayo maneno mara nyingi hivi kwamba niliyaona kama milio ya nyumba, kama bawaba inayolia.

Halafu Baba Mkubwa akaugua. Ilianza kwenye maini, ikaenda ikaenda, madaktari wakasema turudi naye nyumbani. Kitanda chake tukakihamishia sebuleni karibu na meza, kwa sababu ndivyo alivyotaka, na Mama Mkubwa akaingia jikoni kama mtu anayekwenda vitani. Supu asubuhi, supu mchana, supu jioni. Mgonjwa hakuweza kumeza, bakuli likawa linarudi limejaa, na lililorudi akapewa Mkaguzi aliyekuwa hatoki chini ya kitanda. Alifariki mchana mmoja, jua limewaka, redio ya jirani inaimba. Mama Mkubwa alikuwa jikoni anapasha moto. Aliingia na bakuli, akamkuta.

Msibani hakulia. Nawaambia, hata chozi. Alipika. Watu walikuja kumpa pole wakamkuta amewainamia masufuria, na aliyetaka kumkumbatia alipewa sahani. Shangazi zangu walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Nikawajibu vibaya, na sijutii.

Wageni walipoondoka, nyumba ikabaki na yeye na Mkaguzi. Mbwa akawa hali. Analala chini ya ile meza, pua kwenye mguu wa stuli, anauangalia mlango. Kitu pekee alicholamba kilikuwa ile supu, labda kwa sababu ilikuwa na harufu ya siku za mwisho za bwana wake. Mama Mkubwa alipoona ulimi umetoka, basi tena! Alipata mgonjwa. Akaanza kumpikia.

Mimi nilikuwa napita kila nilipopata upenyo kazini, na kila nikipita namwona mbwa amenyauka zaidi. Awali alikuwa ananifuata mpaka getini. Baadaye akawa anainua kichwa tu. "Huzuni imemwingia kwenye damu," Mama Mkubwa aliniambia, anakatakata vitunguu kwa kasi ya kuogopesha. "Lakini nimeongeza saumu. Saumu inasafisha damu."

"Mama Mkubwa, umempeleka kwa daktari wa mifugo?"

"Daktari atamfanya nini? Atamchoma sindano tu. Huyu anahitaji nguvu."

Kitu kimoja Mkaguzi hakuacha hata akiwa hoi: kumfuata. Bwana wake alipoondoka, alihamishia utii wake wote kwa mama huyu asiyekaa. Akienda jikoni, mbwa anajikokota jikoni. Akirudi sebuleni, anajikokota kurudi. Kuwatazama wale wawili kulinitia kizunguzungu. Mmoja hawezi kutulia, mwingine hawezi kutembea, na wote wako safarini.

Siku yenyewe nilikuwa nimemkalisha Mama Mkubwa kwenye mkeka kwa nguvu, namsuka. Nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto. Mara, "Supu inaungua," akainuka. Mkaguzi naye akainuka. Alipiga hatua chache akasimama, miguu inatetemeka, akakojoa pale pale kwenye sakafu, yeye ambaye tangu utoto hakuwahi kukojoa ndani. Niliruka na tambara, nikainama kufuta. Ule mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe, hazina hata dalili ya waridi, na ubavuni pumzi inakwenda mbio wakati mwenyewe amelala.

"Mama Mkubwa! Zima hilo jiko!"

"Nini tena? Subiri nimwekee..."

"Usimwekee kitu! Mbwa anakufa!"

Sijui nilivyopaza sauti, maana seremala wa nyumba ya pili alitokea na toroli yake ya mbao kabla hata hatujamwita. Tukamlaza Mkaguzi juu ya gunia. Tukatoka, seremala anasukuma, mimi nimeshika kichwa cha mbwa, na Mama Mkubwa mbele anakimbia na kurudi, anakimbia na kurudi, nusu kichwa mistari na nusu kichwa msitu, na mkononi, haki ya Mungu siongezi neno, kashika chupa ya chai iliyojaa supu.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamama mpole, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha unyamaze ili umsikie. Akampima Mkaguzi, akamtazama fizi na macho, akachukua damu kidogo. Kisha akavuta kiti.

"Mama, amekula nini siku hizi? Kuna chokoleti nyumbani? Zabibu kavu, labda kwenye keki? Bazoka za kutafuna, zile zisizo na sukari? Kuna mtu amempa kidonge cha maumivu?"

Mama Mkubwa akajivuta juu kama malkia. "Daktari, mimi nimepika maisha yangu yote. Mbwa wangu hapewi takataka za dukani. Anakula supu, safi, naipika mwenyewe."

"Supu ya nini?"

Basi akaeleza. Lo! Alieleza kwa fahari, mikono inakata hewani, mifupa inavyochemshwa, vitunguu vinavyokaangwa kwanza mpaka viwe vyekundu, saumu inavyotwangwa na kuingizwa mwishoni ili nguvu isipotee. Mimi nilikuwa namwangalia daktari. Niliona uso wake unavyobadilika, na nikatamani Mama Mkubwa anyamaze, lakini nani wa kumzuia?

"Vitunguu vingi?" daktari akauliza.

"Vya kutosha. Alivyozidi kuumwa nikazidisha."

Daktari akaweka mkono juu ya meza, karibu na wa Mama Mkubwa.

"Mama, pole. Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Maji au saumu, kibichi au kilichopikwa, hata mchuzi wake peke yake. Kinaivunja damu yake. Haionekani siku ile ile, inakuja polepole, na kadiri anavyoendelea kula ndivyo damu inavyozidi kwisha. Ile rangi kwenye mkojo ndiyo damu iliyovunjika."

Nilitegemea abishe. Huyu ni mwanamke aliyewahi kubishana na mchungaji juu ya chumvi. Hakubisha. Alikodolea macho ile chupa ya chai aliyoipakata, akaishusha sakafuni polepole, kisha akaisukuma kwa mguu mpaka chini ya kiti, isionekane.

"Na mtu je?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Mtu. Mtu mgonjwa. Akipewa hiyo supu..." Alikuwa anamtazama Mkaguzi. "Mume wangu nilimpa mpaka siku ya mwisho."

Kumbe ndilo alilokuwa ameanza kulifikiria, pale pale, kabla hata daktari hajamaliza sentensi.

"Hapana, mama," daktari alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika. "Damu ya binadamu haifanyi hivyo. Supu yako haikumdhuru mumeo hata kidogo. Hilo liweke moyoni kabisa."

Akaitikia kwa kichwa. Lakini sikuona ahueni usoni mwake, na nilishangaa, maana mimi mwenyewe nilishusha pumzi mpaka seremala kule mlangoni akageuka.

Mkaguzi alitundikiwa maji, akachomwa sindano, akalala pale kliniki mpaka daktari aliporidhika kwamba damu imeacha kuvunjika. Tulipokwenda kumchukua, tulipewa masharti. Wali mweupe na kuku wa kuchemshwa, bila chumvi, bila kiungo, bila chochote. "Lakini dawa kubwa ni utulivu," daktari akasema. "Damu iliyobaki ni kidogo sana. Atatengeneza nyingine, ila inachukua muda. Akihangaika, akipanda ngazi, akikimbiakimbia, moyo unaweza kumshinda. Asiinuke ila kwa haja tu. Mkimvusha siku hizi chache, atapona."

Mama Mkubwa akasema, "Nimeelewa." Nikajua hajaelewa.

Nyumbani tulimtandikia chini ya meza ya Baba Mkubwa. Mama Mkubwa akamfunika, akamtazama, akapangusa mikono yake ambayo haikuwa na kitu, na mara, "Ngoja nikaangalie kama wali..." akainuka. Hatua mbili tu. Nyuma yake nikasikia kucha zinakwaruza sakafu. Mkaguzi alikuwa amenyanyua mwili wa mbele, miguu ya nyuma inakataa, ulimi nje. Akamfuata mpaka mlango wa jikoni. Pale akaanguka ubavu, na pumzi ikawa fupi fupi, kama mtu anayelia bila sauti.

"Mama Mkubwa, unamuua!" Nilifoka. Ndiyo, nilifoka, na yeye ni mkubwa wangu. "Ukiinuka anainuka! Huoni? Haumwi kingine tena, anaumwa miguu yako!"

Tukambeba pamoja tukamrudisha. Alikuwa mwepesi hata nikaona aibu. Mama Mkubwa akasimama katikati ya sebule, anageuka huku, anageuka kule. Niliona anavyopigana. Jikoni kulikuwa na kila kitu anachokijua duniani. Hapa sebuleni kulikuwa na stuli tupu.

Ile stuli hakuna aliyeikalia tangu mwenyewe aondoke. Hata vumbi lake hatukufuta. Mama Mkubwa aliikaribia kama mtu anayekaribia maji asiyojua kina chake. Akaketi pembeni, nusu tako, tayari kuruka. Mkaguzi akasogeza pua mpaka kwenye mguu wa stuli, akagusa kisigino cha Mama Mkubwa, akafumba macho.

Mguu ule ulikuwa unachezacheza. Kisha mikono. Akashika kufuli juu ya meza, akaliweka. Akashika funguo, akaziweka. "Sitaweza," akaniambia, na macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. "Mwanangu, mimi sijui kukaa. Nikikaa namsikia."

"Unamsikia nani?"

"Baba yako mkubwa." Alikuwa anasema na meza, hanitazami. "Siku ile aliniambia nikae. Hakutaka supu. Alinishika kanga hapa, akasema, kaa. Nikamwambia ngoja nipashe moto kidogo, nakuja sasa hivi. Akaniachia." Akaligusa kufuli. "Daktari anasema supu haikumdhuru. Najua. Mimi nilikuwa natamani aseme imemdhuru. Ningekuwa nimemkosea kwa kumpa kitu. Kumbe nilimnyima. Alinitaka kitu kimoja tu, na hata hakikuwa cha kupika."

Nikasogea nikakaa sakafuni. Kisha nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa na mwanamke huyu angefanya. Nikaanza kuinuka. "Ngoja nikuchemshie hata chai," nikasema.

Mkono wake ukanishika sketi.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, vibaya, kamasi na yote, kilio cha msiba mzima kilichokuwa kimefunikwa sufuriani. Mabega yalitikisika, kichwa kilitikisika, lakini nakuapia, miguu haikusogea. Kisigino kilibaki pale pale kwenye pua ya mbwa, na Mkaguzi hakuamka.

Siku zile alikaa. Si kwamba alibadilika ghafla akawa sanamu. Alilalamika, alituagiza huku na kule kama mkuu wa jeshi, aliniambia wali wangu ni gundi. Seremala alipoleta pande la keki yenye zabibu kavu kumpa pole mbwa, alifukuzwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha akaitwa arudi aombwe radhi, yote hayo akiwa amekalia stuli. Ila hakuinuka mpaka mbwa alipotaka kwenda haja, na walikwenda pamoja, hatua kwa hatua, wazee wawili.

Asubuhi moja nilifika na mfuko wangu wa kazi. Jiko lilikuwa baridi, nyumba haina harufu yoyote, na Mama Mkubwa yuko dirishani. Nilipouweka mfuko chini, nikahisi kitu kinausukuma. Ilikuwa pua. Mkaguzi alikuwa amenyoosha shingo kutoka pale alipolala, sikio moja limesimama, anapekua nyuzi zangu moja moja. Nikamfunua mdomo. Fizi zilikuwa zimeanza kuwa za waridi.

"Amekukagua?" Mama Mkubwa akauliza.

"Amenikagua."

"Basi njoo unimalizie kichwa, watu wananicheka."

Nikasimama nyuma ya stuli, nikachukua chanuo, nikaanza upande wa kulia. Nilisuka nikiwa nasubiri aseme kuna kitu kinaungua. Hakusema. Nilifika utosini, nikashuka nyuma ya sikio, nikafunga mstari wa mwisho, na mikono yangu ikabaki hewani haijui iende wapi, kwa sababu sikuwahi kufika pale.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, Mama Mkubwa."

Akapapasa kichwa kizima kwa viganja vyote viwili, kushoto na kulia. "Angeniona," akasema. Halafu akashusha mkono mmoja chini ya meza, akauweka juu ya mgongo wa mbwa, na akaendelea kukaa.